Mama mja mzito aulizwe anaogopa nini

Mama huyo aliletwa hospitalini usiku wa manane akiwa na uchungu wa siku mbili. Alikuwa ametoka upande wa Todonyang, kule kaskazini kabisa ambako Ziwa Turkana linapakana na Ethiopia, na gari lililombeba lilikuwa limelala njiani kwa sababu laga zilijaa maji. Umri wake sikuweza kuujua kwa hakika. Nilikadiria miaka kumi na tisa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nilipompima nilikuta kichwa cha mtoto kimekwama, lakini moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga, nikajua kwamba tukifanya upasuaji mara moja tutawapata wote wawili wakiwa hai.

Nilimwomba muuguzi amfasirie. Muuguzi alipotamka neno la kupasuliwa, yule mama aliteremka kitandani, akajifunga shuka lake, akaenda kuketi sakafuni karibu na mlango. Hakulia wala hakutukana. Alikataa tu. Mama yake mzazi, aliyekuwa amesafiri naye, akaketi kando yake akakataa pamoja naye. Tulibembeleza, tukaeleza, na mmoja wetu, naungama, akapaza sauti. Muda wa saa nne ukapita. Alipokubali hatimaye, moyo wa mtoto ulikuwa umenyamaza. Tulimpasua ili kuokoa maisha yake, naye akapona.

Siku ya tatu nilikwenda kitandani kwake pamoja na mama mmoja mfanyakazi wa usafi, ambaye Kiturkana ndiyo lugha yake ya nyumbani, nikamwuliza kwa upole sababu ya kukataa. Jibu lake sijalisahau hadi leo. Alisema kwamba miezi miwili kabla ya hapo, katika kliniki iliyofanyiwa chini ya mti kule kwao, daktari aliwaambia kina mama kwamba atakayekaa nyumbani ataishia kupasuliwa. "Mimi sikukaa nyumbani," akasema. "Nilikuja. Mbona tena mlitaka kunipasua?"

Daktari aliyesema maneno hayo chini ya mti nilikuwa mimi.

Msomaji mpendwa, nimekuwa katika kazi hii ya tiba kwa miaka kumi na saba, sita kati ya hiyo katika Turkana na iliyobaki katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Kama kuna jambo moja ninalotaka kulisema katika ukurasa huu ni kwamba mafunzo tunayowapa kina mama waja wazito huwaongezea hofu mara nyingi kuliko yanavyoipunguza. Sababu yake si kwamba wauguzi wetu hawajui kazi. Sababu ni kwamba tunaingia kufundisha bila kumwuliza mama anaogopa nini, kisha tunaitumia hofu hiyo hiyo tusiyoijua kama fimbo ya kumchapia aje kliniki.

Hebu tazama kliniki ilivyo. Kina mama wamefika alfajiri, wameketi kwenye mabenchi, wengine wamesimama. Muuguzi mmoja aliyechoka anasimama mbele yao na kuanza kutaja dalili za hatari: kutokwa na damu, kuvimba uso na mikono, kuumwa na kichwa kupita kiasi, macho kuona kiwi, kifafa cha mimba, maji kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza. Kisha wanapimwa uzito na presha, wanachomwa sindano ya pepopunda, wanapewa tembe za kuongeza damu, wanakwenda zao. Sipingi hata neno moja katika orodha hiyo. Mama anayejua dalili hizo anaweza kuokoka kwa sababu ya kuzijua, na katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kina mama 355 walifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, hakuna daktari mwenye akili timamu atakayesema zisifundishwe.

Lakini angalia anachokwenda nacho nyumbani mama huyo. Anajua namna saba za kufa. Siku yenyewe ya kujifungua haijui. Hajaambiwa uchungu huanzaje na huchukua muda gani kwa mimba ya kwanza. Hajaambiwa kwa nini mkunga ataingiza vidole kila baada ya saa kadhaa, na kwamba lengo ni kupima jinsi mlango wa uzazi ulivyofunguka. Hakuna aliyemweleza kwamba kupiga kelele si dhambi, kwamba anaweza kutembea, kunywa chai, kupiga magoti. Na kuhusu upasuaji, ambao kila mmoja wao anaufikiria usiku akiwa amelala, husikia tu kwamba upo.

Nyinyi wasomaji wa mjini msidhani kwamba hii ni habari ya Turkana peke yake. Mwaka uliopita alinijia mama mmoja wa hapa Nairobi, msomi, mwenye kazi nzuri ya ofisi, mimba ya miezi minane isiyo na kasoro yoyote. Alitaka nimwandikie barua ya kwenda kupasuliwa. Nilimwuliza sababu akasema hana, kisha akaanza kulia. Wifi yake alikuwa amemsimulia jinsi alivyochanika, na katika simu yake alikuwa ameangalia picha za kila aina usiku kucha. Kliniki alikuwa amehudhuria mara sita. Hakuna mahali hata pamoja alipoulizwa usingizi unakujaje.

Kwa hiyo mjini mama anakikimbilia kisu kwa kuogopa uchungu, na Todonyang mama anavumilia uchungu hadi kufa kwa kuogopa kisu. Mimi nimewaona wote wawili na nawaambieni ni ugonjwa mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba mwaka 2014 watoto 9 kati ya kila 100 nchini walizaliwa kwa upasuaji, na kufikia 2022 walikuwa 17. Si wote waliozidi walipasuliwa kwa ajili ya hofu, la hasha, wengi waliokolewa. Lakini utafiti huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba wakati karibu kina mama 9 kati ya 10 nchini walizalishwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, katika kaunti ya Turkana walikuwa kidogo tu zaidi ya nusu.

Kuna fikira moja ya zamani ambayo ni lazima niitaje hapa kwa sababu bado inatembea katika wodi zetu, hata miongoni mwa sisi weusi. Daktari Mwingereza aitwaye Grantly Dick-Read, katika vitabu vyake vya 1933 na 1942, alieleza kwamba hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huleta maumivu, na maumivu huzidisha hofu. Hapo alikuwa na ukweli mkubwa, na mafunzo ya kupumua na kulegeza mwili ambayo leo hutolewa katika hospitali za kulipia mjini yanatokana kwa sehemu na kazi yake. Lakini alikwenda mbali zaidi akadai kwamba hofu hiyo ni ugonjwa wa watu waliostaarabika, na kwamba mwanamke aliye karibu na maumbile huzaa kwa urahisi kisha akarudi kazini. Alikuwa na Waafrika akilini. Nimewasikia madaktari wenzangu, wazaliwa wa Kenya hii, wakisema maneno hayo hayo kwa lugha nyingine: "Hawa Waturkana ni wagumu, hawasikii uchungu." Mwanamke asiyepiga kelele si mwanamke asiyeogopa. Yule wangu wa mlangoni hakupiga kelele hata mara moja.

Na hofu si jambo la moyoni tu. Mwili ukiogopa humwaga adrenalini, homoni ile ile inayokutimua mbio unapomwona nyoka. Adrenalini hulegeza nguvu ya tumbo la uzazi na kupunguza kazi ya oksitosini, ambayo ndiyo homoni inayosukuma uchungu usonge mbele. Utafiti uliofanywa Norwei na kuchapishwa mwaka 2012, uliohusu kina mama 2,206, ulionyesha kwamba wale walioogopa sana kujifungua walichukua muda mrefu zaidi katika uchungu. Hata baada ya watafiti kuondoa sababu nyingine, bado walizidi wenzao kwa dakika 47. Katika hospitali yenye taa na daktari wa zamu, dakika 47 si kitu. Nyuma ya pikipiki juu ya mchanga wa laga, ni muda mrefu.

Baada ya tukio lile nilirudi Todonyang. Nilikwenda na muuguzi mzaliwa wa huko, na safari hiyo nilijizuia kuhutubu. Tuliketi chini ya mti ule ule, tukawaomba kina mama watuambie wanachoogopa. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema. Kisha bibi mmoja mzee akacheka na kusema kwamba tangu azaliwe hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu wa serikali, na baada ya hapo hatukuweza kuwanyamazisha.

Walisema wanaogopa kitanda. Mwanamke wa huko huzaa akiwa amepiga magoti au kuchuchumaa, wenzake wamemshika mgongoni na mabegani. Sisi tunampandisha juu ya kitanda chembamba cha chuma kirefu kumzidi kiuno, tunamlaza chali, tunamwambia asukume. Mmoja aliniuliza mtoto akianguka atashikwa na nani. Walisema wanaogopa kuvuliwa shanga, zile tabaka kwa tabaka za shingoni, na kuachwa uchi mbele ya vijana wa kiume wenye umri wa watoto wao. Walisema wanaogopa baridi ya sakafu. Mmoja alitaka kujua kondo la nyuma hupelekwa wapi, maana kwao huzikwa nyumbani na yeye hataki la mtoto wake litupwe jalalani na kuliwa na mbwa. Sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kufikiria.

Kuhusu kisu, waliamini kwamba mwanamke akishapasuliwa hawezi tena kuzaa, na kwamba mume atamwacha au ataoa mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa saa nne za mlangoni. Yule msichana hakuwa anachagua kati ya upasuaji na kifo cha mtoto. Kwa hesabu yake, alikuwa anachagua kati ya mtoto huyu mmoja na watoto wote atakaokuja kuwazaa. Kwa jambo alilolijua, uamuzi wake ulikuwa wa busara kabisa. Ni sisi tuliomnyima jambo la kujua.

Halafu palikuwa na hofu ambazo daktari hana dawa yake. Todonyang iko mpakani, na wanaoishi hapo wamezika watu wao zaidi ya mara moja. Mwezi Mei 2011 Waturkana wengi waliuawa karibu na hapo katika mashambulizi ya wapiganaji Wadasanachi kutoka ng'ambo ya mpaka, na mwezi Februari 2025 wavuvi wa eneo hilo walishambuliwa tena, wengine wasionekane. Mwanamke akikuambia kwamba hawezi kutoka usiku kufuata zahanati kwa kuogopa bunduki, usimwambie habari ya elimu. Yeye ndiye mwenye elimu hapo. Na kutoka huko hadi Lodwar, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ni safari ya kutwa nzima hata kama laga ni kavu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wanaozungumzia hofu ya kujifungua huzungumza kana kwamba hofu yote ni upuuzi unaoweza kuondolewa kwa maneno matamu. Ziko hofu za uongo, kama hiyo ya kutozaa tena, na hizo dawa yake ni maelezo. Ziko hofu za kweli, na hizo hazitaki maelezo, zinataka marekebisho. Ukimwambia mama asiogope kutukanwa wodini, kisha akaja akatukanwa, umemfundisha kwamba daktari ni mwongo. Hatakuja tena, na dada yake hatakuja.

Na hofu ya kutukanwa ni ya kweli. Watafiti waliochunguza hospitali na vituo 13 vya afya humu nchini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta kwamba mama 1 kati ya 5 alisema alidhalilishwa alipokuwa akijifungua. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja aliyejifungulia sakafuni mwaka 2013, akatukanwa na hata kupigwa kofi, zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mambo hayo yalitokea muda mfupi tu baada ya serikali kutangaza, mwezi Juni 2013, kwamba kujifungua katika hospitali za umma kutakuwa bila malipo. Ada ilikuwa imeondolewa. Kofi lilibaki.

Basi tufanye nini? Wenzangu wataniambia, na wana haki, kwamba muuguzi mmoja mwenye kina mama arobaini mbele yake hana nafasi ya kumwuliza kila mmoja habari za ndoto zake. Nimekuwa katika nafasi hiyo. Lakini swali la hofu halihitaji saa nzima. Linahitaji kuja kwanza. Muuguzi akiwauliza wote kwa pamoja, "Mmesikia nini kuhusu kuzalia hospitali?", dakika kumi zinatosha kumwonyesha mafunzo ya siku hiyo yawe juu ya nini, na badala ya kusoma orodha ile ile aliyoisoma wiki iliyopita atajibu kitu ambacho mtu anataka kukijua. Dalili za hatari atazisema pia, na zitasikika vizuri zaidi, kwa sababu mtu mwenye hofu kubwa kichwani haingizi kitu kingine.

Nimeona pia faida ya kuwakusanya kina mama ambao mimba zao zinalingana, wawe wanakutana wenyewe kwa wenyewe mwezi hadi mwezi pamoja na mkunga mmoja. Mtindo huo ulijaribiwa Kisumu na Machakos, na kina mama waliowekwa katika vikundi walikamilisha ziara za kliniki kwa wingi zaidi kuliko wengine. Si ajabu. Mtu haogopi sana njia anayoipita na wenzake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mama aonane na watu wa afya mara nane katika kipindi cha mimba, badala ya mara nne za zamani. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila mara nane za kutishwa hazina faida kuliko mara nne.

Jambo la pili ni kumwonyesha mama mahali penyewe. Hapa mjini ni aibu kwamba mama huhudhuria kliniki miezi sita katika jengo moja, na wodi ya uzazi iko ghorofa ya juu, naye haioni hadi siku anayopandishwa akiwa amekunja uso kwa uchungu. Mpitishe siku ya kawaida. Aone kitanda, aone choo kilipo, asikie sauti za humo ndani akiwa na mtu wa kumweleza kwamba yule anayelia sasa hivi atakuwa anakunywa uji baada ya nusu saa. Kwa wale wa mbali ambao hawawezi kuletwa mapema, picha hutosha. Tulipiga picha za wodi tukazipeleka Todonyang zikapita mkono kwa mkono hadi zikachakaa. Picha iliyoangaliwa zaidi, kwa taarifa yako, haikuwa ya chumba cha upasuaji. Ilikuwa ya mama mmoja aliyekubali kupigwa picha akionyesha kovu lake huku amewazunguka watoto wawili aliowazaa baadaye. Picha hiyo ilifanya kazi kuliko mihadhara yangu yote.

Jambo la tatu ni mtu wa kukaa naye. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba kila mama awe na mwenzi anayemtaka yeye mwenyewe wakati wa uchungu, kwa sababu tafiti nyingi zimethibitisha kwamba mama asiyeachwa peke yake huzaa kwa muda mfupi zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Hakuna dawa katika kabati langu yenye sifa hizo kwa bei hiyo. Lakini katika wodi nyingi mama mkwe, dada au mume bado husimamishwa getini na askari. Tunasema nafasi ni finyu, hakuna mapazia. Basi tununue mapazia! Kitambaa cha pazia ni rahisi kuliko uzi wa kushonea tumbo.

Wakunga wa jadi nao tusiwafukuze kama wezi. Sisemi wazalishe, mama akianza kumwaga damu au mtoto akikwama, mkunga wa jadi hana cha kufanya, na hilo wengi wao wanalijua kuliko wanaowatetea. Ninachosema ni kwamba bibi aliyewashika mabega wanawake wa boma zima kwa miaka thelathini ndiye anayeaminiwa, na akifika naye wodini mama anakuwa amefika na nyumba yake. Tulipoanza kuwaruhusu waingie, na mama aliyetaka kupiga magoti tukamtandikia mkeka safi chini, wazee hao hao ndio waliokuwa wakituletea wagonjwa kabla mambo hayajaharibika. Kondo la nyuma tulilifunga vizuri tukawapa waliolitaka. Mwanzoni baadhi ya wauguzi walinuna. Baadaye walizoea.

Wanaume wamesahauliwa pia. Huko kaskazini mama hawezi kuamua peke yake kwamba mbuzi auzwe ili apatikane wa kulipa pikipiki, na mjini, tusidanganyane, mara nyingi mwenye funguo za gari ni baba. Mume ambaye hajui upasuaji ni nini ndiye atakayekataa kutoa kibali kwa simu. Malipo nayo yameleta hofu mpya: mpango wa Linda Mama ulioanza 2016 watu walikuwa wameshauzoea, na tangu Oktoba 2024 ulipoingia mfumo wa SHA nimewasikia kina mama wakiuliza kama watazuiliwa hospitalini na mtoto wao. Swali hilo nalo lijibiwe kliniki, kwa Kiswahili chepesi, na mtu anayejua jibu, badala ya kuachwa kwa majirani.

Nikiwa Turkana nilikwenda mara kadhaa Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwepo tangu 1992. Huko nilikutana na hofu zilizovuka mipaka. Kina mama wa Kisomali waliotahiriwa na kushonwa waliogopa kwamba muuguzi asiyejua hali hiyo atawashangaa au kuwachana ovyo, na hofu hiyo nayo ilikuwa na msingi. Kina mama kutoka Sudan Kusini walikikataa kisu kwa maneno yale yale ya Todonyang. Kina mama wa Kongo wengine walikuwa wamebakwa vitani, na kwao kupimwa kwa vidole kulikuwa jambo lisilovumilika kabisa. Mkalimani mmoja mzuri alikuwa na thamani ya madaktari watatu. Mkalimani huyo, nadhani umeshabahatisha, hulipwa kidogo kuliko wote.

Yule msichana wa mlangoni alirudi. Ilikuwa imepita miaka miwili hivi, mimba ilikuwa ya miezi saba na nusu, na alikuwa pamoja na mama yake. Hawakuwa wameletwa na gari la dharura. Walikuja wenyewe, wakapanga kukaa kwa jamaa yao mjini Lodwar hadi siku zitimie, kama tulivyowashauri wale waliokwisha kupasuliwa mara moja. Kabla sijamgusa aliniomba nimpeleke akaone chumba cha kupasulia. Siku hiyo hapakuwa na kazi ndani. Aliishika taa kubwa ile ya juu, akauliza ni ya nini. Akauliza mwanamke akilala hapa anasikia? Nilimweleza sindano ya mgongoni, kwamba atakuwa macho, atahisi kuvutwa lakini si kukatwa. Akauliza mama yake atasimama wapi. Hapo ilinibidi niende kubishana na watu wawili au watatu, na tukakubaliana kwamba atasimama mlangoni, mlango ukiwa wazi.

Alipasuliwa tena. Mtoto alikuwa wa kike, na aliyempokea kwanza ni bibi yake pale mlangoni, akiwa bado hajafutwa vizuri.

Siku hizi, katika zahanati yangu ya Nairobi, kila mama mja mzito huja na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kina nafasi ya kuandika uzito, presha, kundi la damu, tarehe ya kujifungua. Katika vijitabu nilivyowahi kujaza sijaona mstari wa kuandika anachoogopa, kwa hiyo nauandika mwenyewe pembeni kwa kalamu. Wiki iliyopita niliandika katika kijitabu cha msichana wa miaka ishirini kutoka Kayole: "Anaogopa kuachwa peke yake usiku. Shangazi yake ataingia naye. Wodi imeambiwa."